Bendisoo Yako Haihitaji Mota Kubwa

Fundi akikulalamikia kwamba bendisoo yake haina nguvu, muulize kwanza bledi iliyomo ilifungwa lini. Jibu huja na kicheko. Ni ile ile ya tangu kabla ya Krismasi, imeungwa mara mbili, na meno ya upande mmoja yamelika kuliko ya upande wa pili kwa sababu siku moja yalikutana na msumari uliojificha ndani ya ubao wa nyumba iliyobomolewa. Bledi ya namna hiyo haikati tena, inakwaruza. Fundi naye anausukuma ubao kwa kifua, mota inanguruma, mkanda wa puli unaanza kunuka mpira ulioungua, na ikifika jioni ameshaanza kuulizia bei ya mota ya nguvu za farasi 3.

Mota hiyo ingoje. Kwa sehemu ndogo ya pesa zake mashine ile ile inaweza kukata sawa, kutulia na kuzimika upesi, na hapa Nairobi vitu vingi vinavyohitajika vimelala Gikomba, Kamukunji au kwenye maduka ya spea ya Grogan.

Bendisoo, yaani msumeno wa mkanda, si mashine ngumu kuielewa. Ina magurudumu mawili, moja juu na moja chini, bledi nyembamba iliyoungwa ikawa pete, meza katikati, na mota ya kuzungusha gurudumu la chini. Nyingi utakazoziona Kariobangi Light Industries au upande wa mbao wa Gikomba hazikuja kwa meli. Zimeundwa hapa hapa: fremu ya vyuma vilivyochomelewa, ekseli iliyokerezwa, beringi za gari, mota iliyokwisha kutumika kwingine. Mimi ni mshabiki wa mashine hizi. Ni nzito, hazina plastiki ya kuvunjika, na ikiharibika aliyeiunda yuko mtaa wa pili. Tatizo lake ni kwamba haiji na kitabu cha maelezo, na muundaji, kwa kuikimbiza bei ya mteja, huruka vitu vidogo visivyoonekana siku ya kununua. Hivyo vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

Kuna sababu ya kuisumbukia. Bledi nzuri hula kama milimita 1.2 za mbao kila inapopita, wakati msumeno wa duara hula milimita 3 na zaidi. Chukua kipande cha upana wa milimita 100 ukipasue fito za unene wa milimita 10. Bendisoo inakupa fito 9. Msumeno wa duara wenye njia ya milimita 3.2 unakupa 7, na kinachobaki ni kipande kisichofaa kitu pamoja na rundo la pumba. Tangu marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma ilipotangazwa Februari 2018, ikadumu zaidi ya miaka 5, mafundi wa Nairobi wamejifunza kuhesabu fito. Lakini hesabu hiyo ni ya bledi inayokwenda sawa. Ikitangatanga, inaacha mawimbi, na randa inakuja kuimaliza faida yote.

Kabla ya kukata, jua itakavyozimika

Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Kituo kikapoteza megawati zaidi ya 180, mitambo mingine ikalemewa, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Mwaka 2023 nchi ililala gizani tena Agosti, tena Novemba, tena Desemba, na hapo hatujahesabu stima inayopotea mtaani kwetu kila mvua inaponyesha.

Sasa ifikirie karakana dakika ile. Mashine zimenyamaza, swichi za ukutani bado ziko chini, watu wametoka kwenda kutafuta chai. Kijana anayejifunza kazi anaona ni nafasi nzuri ya kufungua mlango wa chini na kutoa pumba zilizokwama kwenye gurudumu. Stima inarudi. Bendisoo yenye swichi ya kawaida haiulizi nani ameingiza mkono, inaanza kuzunguka tu.

Ndiyo maana rekebisho la kwanza ni swichi. Unahitaji kontakta yenye koili ya volti 240, kitufe cha kijani cha kuwashia, na kitufe chekundu chenye kichwa kipana kama uyoga cha kuzimia. Ukibonyeza kijani, koili inavuta na kujishikilia yenyewe kupitia mguso wake wa pembeni. Stima ikikatika, inaachia. Stima ikirudi, haishiki tena mpaka mtu abonyeze. Ongeza na rilei ya kuikinga mota isilemewe. Hivi vyote huuzwa vikiwa vimetumika kwenye maduka ya vifaa vya umeme, lakini hapa ningenunua vipya, na kazi ya waya ningemwachia fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Chako wewe ni kukata kipande cha plaiwudi chenye upana wa kiganja, kukifunga kwa bawaba mbele ya kitufe chekundu kwenye usawa wa goti, ili mikono yako miwili ikiwa imeshika ubao goti liweze kuizima mashine.

Fundi huyo huyo akiwa bado yuko, mwonyeshe ekstensheni. Mota ya farasi 2 ya stima ya kawaida huvuta ampea 9 au 10, na zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Waya mwembamba wa pasi uliokunjwa kwenye kona hauwezi mzigo huo. Volti zinashuka, mota inachoka na kuchemka, na hapo ndipo watu husema haina nguvu. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mfupi iwezekanavyo, usioungwa kwa utepe katikati ya njia, na fremu yenye ardhi ya kweli: nimeona mashine iliyohukumiwa kifo ikifufuka kwa hayo tu.

Bledi na mbuzi

Mzee aliyenifunza jinsi bledi inavyokaa kwenye gurudumu ana karakana ndogo Kariobangi, mlango wake ukitazamana na wachomeleaji wa mageti. Nilimpelekea malalamiko kwamba bledi yangu inateleza kwenda nyuma, kisha mbele, kisha inatoka kabisa. Hakugusa skrubu yoyote. Alichomoa waya, akafungua mlango wa juu, akapitisha kidole gumba juu ya gurudumu.

“Umekalisha bledi uwanjani, mwanangu,” akaniambia. “Bledi ni kama mbuzi. Humkuti uwandani, hupanda penye kilima.”

Kilima alichokuwa akikisema ni mwinuko mdogo katikati ya ukingo wa gurudumu, milimita moja au chini ya hapo. Mkanda bapa ukipita juu ya gurudumu lenye mwinuko, hujivuta wenyewe kwenda mahali palipo juu zaidi na kukaa hapo. Wazee waliosaga kwenye vinu vya posho vya injini za dizeli wanaijua siri hii, maana puli za mikanda yao mipana zilikuwa na tumbo katikati kwa sababu hiyo hiyo. Bendisoo nyingi za jua kali zina gurudumu bapa la chuma tupu, au mpira uliolika katikati ukageuka bonde. Bledi ikikaa kwenye bonde haina pa kushika.

Dawa yake ni tyubu. Magari mengi siku hizi hayana tyubu, lakini mikokoteni inayo, na fundi wa pancha anayehudumia mikokoteni ya Gikomba hakosi tyubu zilizokufa. Kwa gurudumu la inchi 16, tafuta tyubu ya rimu ya inchi 13. Upande wake wa ndani, ule unaolalia rimu, una mzingo wa karibu milimita 1,040, na gurudumu lako lina karibu milimita 1,276. Kata pete nzima ya upana wa gurudumu kandokando ya valvu, isiguse valvu yenyewe. Ukiivuta kuivisha gurudumu itanyooka kama sehemu moja ya tano, kiasi kizuri cha kuifanya ishike bila kuonyesha kiungo popote. Kiungo ndicho adui. Kila kinapopita chini ya bledi kinagonga, na ubao unaujua mgongano huo kabla ya sikio lako kuusikia.

Osha chuma kwa petroli kidogo, nje, mbali na moto, ukikwaruze kwa msasa, halafu upake gundi ya washona viatu kwenye chuma na kwenye mpira. Ngoja dakika 10 au 15 mpaka kidole kikigusa kisinate. Hapa mikono miwili haitoshi, mwite jirani. Anzia juu, vuta pande zote mbili kwa kipimo kimoja, kisha pitisha mpini laini wa bisibisi chini ya mpira uuzungushe gurudumu zima mara mbili tatu ili mvutano ugawanyike sawa. Mara nyingi watu huiruka hatua hii, na wakiiruka mpira unabaki mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Fanya magurudumu yote mawili, uyaache yalale usiku mmoja.

Kesho yake unatengeneza kilima. Bila bledi, washa mota gurudumu la chini lizunguke, usimame kando na si mbele yake, ukiwa na miwani na barakoa. Kipande cha mbao kilichobandikwa msasa namba 80 kiegemeze kwenye mpira kikiwa kimeinama kidogo tu, ule kingo ya kulia, kisha kingo ya kushoto, uache katikati. Gurudumu la juu halina mota, kwa hiyo jirani yako atalizungusha kwa drili iliyofungwa kipande cha mpira. Pima kwa rula iliyosimamishwa juu ya ukingo: ukiona mwanga mwembamba pande zote mbili na rula ikigusa katikati, acha. Tamaa ya kuongeza ndiyo inayoharibu. Mwinuko mkali huifanya bledi ipande kwenye ncha kama mtu aliyekalia ukuta.

Baada ya hapo rudisha bledi na uzungushe gurudumu kwa mkono, waya ukiwa umechomolewa, ukiinamisha gurudumu la juu taratibu kwa skrubu yake mpaka bledi itulie katikati. Kwa mkono, nasisitiza. Anayepima mwenendo wa bledi kwa kuwasha mota anaipima kwa mboni za macho yake.

Nafasi ya karatasi na nafasi ya kadi

Bledi ikishatulia kwenye gurudumu, inahitaji vielekezi karibu na mbao, juu na chini ya meza, viwili vya pembeni na kimoja cha nyuma. Mashine nyingi za hapa zina boliti mbili tu zilizopangwa zikutane na bledi, nazo zinaila. Unaweza kuweka vipande vya mpingo, ambavyo wachonga vinyago wa Gikomba huvitupa kama takataka, ukivilowesha kwenye oili kwa siku mbili. Mpingo hauharibu meno hata ukiguswa kwa bahati mbaya. Ukitaka beringi, namba 608 ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, tundu la milimita 8 na kipenyo cha 22, boliti ya M8 inaingia moja kwa moja. Kwa kielekezi cha nyuma, kinachobeba mgongo wa bledi unaposukuma ubao, chukua kubwa kidogo, kama 6200.

Kuipima nafasi huhitaji kifaa chochote. Pembeni, acha unene wa karatasi ya risiti kila upande. Nyuma, acha unene wa kadi ya kukwaruza ya salio, kama bado unaipata, au ganda la pakiti ya majani chai. Bledi ikizunguka bila mbao haipaswi kukigusa kielekezi cha nyuma. Beringi inayozunguka hata wakati hukati inakula mgongo wa bledi na kuufanya mgumu, na nyufa huanzia hapo. Na hakikisha vielekezi vya pembeni vinashika mwili wa bledi nyuma ya meno. Vikifika kwenye meno vinayanyoosha yale yaliyokunjwa huku na huku, na bledi mpya inakufa kabla ya chakula cha mchana.

Mkazo nao una kipimo chake. Inua kielekezi cha juu mpaka milimita 150 juu ya meza, usukume bledi kwa kidole kwa nguvu ya kawaida. Ikisogea kama milimita 6, inatosha. Ikienda zaidi, kaza. Kama mashine yako inakazwa kwa boliti tupu bila springi, nenda Grogan ukatafute springi nene ya valvu ya lori, uiweke kati ya nati na mkono wa gurudumu la juu. Bledi hurefuka inapopata joto, na boliti haiwezi kuufuata urefu huo. Springi inaweza.

Kuhusu bledi yenyewe nitakuwa na haraka, maana kila daktari wa misumeno wa Eastlands ana hotuba yake. Unene usizidi sana sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu: gurudumu la milimita 400 linataka bledi ya 0.4, au 0.5 ukibanwa. Vipande vya bledi kubwa za viwanda vya mbao huonekana imara na bei yake inavutia, lakini vikipindwa kwenye gurudumu dogo maelfu ya mara kwa saa vinapasuka kwenye mashina ya meno. Upana hutegemea kona. Bledi ya robo inchi inageuka kwenye mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, ya nusu inchi inataka karibu 64. Anayechonga miguu ya viti kwa bledi ya nusu inchi analazimisha, na kelele unayoisikia ni bledi ikiomba msamaha. Kupasua ubao mnene kunataka meno makubwa, 3 kwa inchi. Ubao mwembamba uwe na meno yasiyopungua 3 ndani yake wakati wowote.

Kiungo cha bledi kiliwahi kuwa kikwazo cha mashine nzima. Wazo la msumeno wa mkanda lilipewa hataza London mwanzoni mwa karne ya 19, likakaa bila faida kwa miaka mingi kwa sababu bledi zilikatika kwenye kiungo. Mwaka 1846 mwanamke wa Ufaransa aliyeitwa Crépin ndiye aliyepata hataza ya njia ya kuziunga zikadumu. Mtaani tunaunga kwa moto na rodi ya fedha au shaba, borakisi ikiwa kisafishio. Ukipelekewa bledi iliyoungwa, pitisha kidole kwenye kiungo pande zote mbili. Kikiwa kinene kuliko bledi, kirudishe kipigwe tupa, la sivyo kitagonga vielekezi kila kikipita. Pinda kiungo taratibu: kikivunjika kama biskuti, hakikupozwa polepole. Daktari mzuri hukipasha tena mpaka kiwe chekundu cha giza, kisha hukiacha kipoe chenyewe.

Sarafu yenye ndovu

Simamisha sarafu ya shilingi 20, ile mpya yenye ndovu, kwa ukingo wake juu ya meza ya bendisoo, kisha washa. Ikianguka papo hapo, mashine ina homa, na homa hiyo utaiona kwenye mbao.

Anza na miguu. Karakana nyingi za Umoja na Kayole zina sakafu ya saruji iliyopasuka, na mashine husimama kwa miguu mitatu kati ya minne. Soli ya akala, ile iliyokatwa kwenye tairi, ni kiatu kizuri kwa mashine kama kilivyo kwa binadamu. Kata vipande vinne, vifunge chini ya fremu, na palipo na pengo ongeza kabari ya bati. Kama kuna nafasi chini ya fremu, jaza kokoto au mchanga kwenye magunia, uzito huo unameza mtikisiko mwingi.

Bado inatikisika? Toa mkanda wa mota na bledi, zungusha gurudumu kwa mkono, liache lisimame lenyewe. Tia alama ya chaki chini. Rudia mara kadhaa. Chaki ikirudi chini kila mara, upande huo ni mzito, toboa vishimo vifupi nyuma ya ukingo wake kwa drili, kimoja kimoja, mpaka gurudumu lisimame popote. Tazama pia kama puli mbili zimepangana kwa kuzinyooshea uzi kutoka upande hadi upande.

Na ikiwa mkono unakuwasha lazima uguse mwendo wa mashine, gusa puli, usiguse mota. Mota yenye 1440 kwenye bamba lake, puli yake ikiwa inchi 3 na ya gurudumu inchi 6, inazungusha gurudumu mara 720 kwa dakika. Kwa gurudumu la inchi 16 huo ni mwendo wa bledi wa karibu mita 919 kwa dakika, na mbao zinataka kati ya 900 na 1500. Uko sawa. Lakini ukifunga mota ya 2880 kwa puli hizo hizo, bledi inapita mita 1,800, na gurudumu la kuchomelewa halikuundwa kwa mwendo huo. Kwa chuma, mwendo unaofaa ni makumi machache tu ya mita kwa dakika. Kwa hiyo yule jirani anayekuja na bomba lake la geti akiomba “kukata kidogo tu” mwambie hapana.

Meza, ukingo na mshumaa

Meza ya bati lililopinda haiwezi kukupa kona ya mraba. Ifunike kwa kipande cha ubao wa melamini kutoka kwa mafundi wa makabati ya jikoni, wao huvitupa vikubwa vya kutosha, na uisugue mshumaa kila Jumatatu. Utashangaa jinsi ubao unavyoteleza. Tundu linalozunguka bledi lizibe kwa kipande cha jerikeni ngumu kilichokatwa duara, chenye mfereji mwembamba tu wa bledi, ili vipande vidogo visimezwe chini.

Ukingo wa kuelekeza ubao unatoka kwenye chuma cha pembe na koleo mbili za kubana. Kosa la wengi ni kuufunga sambamba na meza. Karibu kila bledi ina upande inaoupenda. Chora mstari ulionyooka kwenye ubao wa taka, uukate kwa mkono bila ukingo ukifuata mstari mpaka nusu, kisha zima mashine bila kuusogeza ubao na uchore pembe yake mezani. Ukingo uufunge kwa pembe hiyo. Unaweza kuuchukia ukiutazama, umekaa upande kama kofia ya mlevi, lakini fito zitatoka na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Bledi ikibadilishwa, pima tena.

Gogo la mviringo usilikate mezani bila kitanda. Bledi hulivuta chini na kuliviringisha, na mkono unalifuata. Pigilia vipande viwili vya mbao viwe umbo la V na gogo lilale humo, likiwa limebanwa.

Pumba

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Barakoa ya kitambaa haizuii lile vumbi laini. Tafuta ya N95. Na kwa MDF, ambayo vumbi lake hupeperuka kama unga wa ngano, usikate kabisa mlango ukiwa umefungwa.

Chini ya meza funga kisanduku cha plaiwudi kinachoikumbatia bledi, ukitoboe na kuingiza bomba la PVC la inchi 4. Ukiwa na mashine kuukuu ya kufyonza vumbi, pitisha hewa kwanza kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, bomba la kuingilia likiwa limeelekezwa ubavuni ili hewa izunguke ndani: pumba zinaanguka kwenye ndoo na mfuko wa mashine haujai. Mswaki wa viatu uliofungwa ukigusa gurudumu la chini utafagia zile zinazojaribu kujishindilia kwenye mpira mpya uliohangaikia. Pumba zikigandamana pale, kilima chako kinageuka milima mitatu.

Gikomba imeungua mara nyingi mno. Kwa hiyo kabla ya kulainisha mgongo wa bledi kwa jiwe la kunolea, jambo zuri linaloisaidia kugeuka kwenye kona, toa pumba zote ndani ya mashine, kwani jiwe hilo hutoa cheche.

Sehemu ya bledi inayopanda nyuma ya fremu ivishe bomba la PVC lililopasuliwa kwa urefu. Magurudumu yawekee milango ya plaiwudi au bati la Kamukunji yenye komeo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu zinazozunguka zikingwe, na mkaguzi akija hataki kuambiwa kwamba kinga ilitolewa jana tu. Kielekezi cha juu kishushwe mpaka kibaki upana wa kidole juu ya ubao. Hiyo nayo ni kinga, haina gharama yoyote, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Jioni, ukishafagia, legeza bledi. Mizunguko mitatu minne ya boliti ya mkazo inatosha. Bledi iliyoachwa imekazwa usiku kucha inabonyeza mpira mahali pamoja, na asubuhi inagonga kama moyo. Halafu andika kwenye kipande cha katoni IMELEGEZWA, kwa kalamu nene, ukitoboe na kukitundika kwenye kitufe cha kijani, mahali ambapo mkono wa kesho hauwezi kubonyeza bila kukishika kwanza.